Blanketi la Mshenga

Method Kimaryo alikuwa mtu wa mlimani, wa Kibosho, na kwa miaka kumi na mitatu kazi yake ilikuwa kutengeneza barafu. Ndiyo, barafu. Watu wa kwao walipomwuliza kwenye barua anafanya nini huko Marekani, aliwajibu, "Naendesha mitambo," na hapo hakusema uongo. Mtambo ulikuwepo kweli: gari pana, la polepole, lililozunguka uwanjani likikwangua barafu iliyochimbwachimbwa na viatu vya wachezaji, huku nyuma likimwaga maji yaliyoganda na kuacha uso laini. Tena maji ya moto, si ya baridi. Hilo Method alipenda kuwaeleza wageni, kwa sababu hakuna aliyeliamini mara ya kwanza.

Uwanja wenyewe ulikuwa kandokando ya barabara ya Route One, juu kidogo ya Beltsville, nje ya jiji la Washington. Method alikuwa na utaratibu wake. Anaanza ukingoni, anazunguka akiingia ndani, hageuzi shingo, hasikilizi redio. Vijana wa zamu nyingine walimaliza kwa dakika nane. Yeye alitumia kumi na moja, na makocha waliomwelewa walimsubiri bila kunung'unika.

Sasa ndiyo mjue Fredy aliingiaje. Dada yake Method, Benadetha, alikuja Washington na mume aliyekuwa dereva ubalozini. Mume akafariki, mtoto wao, huyo Fredy, akiwa na miaka sita. Benadetha hakurudi nyumbani. Alipata kazi ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kulelea wazee, akachukua kila zamu iliyotolewa, na mtoto hakuwa na wa kubaki naye. Method akasema, mlete huku kwangu. Akamtafutia viatu kwenye kasha la vilivyosahauliwa, kimoja cheusi, kingine cha bluu, akamwachia barafu yote jioni nzima. Wenzake Fredy walilipiwa walimu. Yeye alikuwa na mjomba na kasha.

Akaanguka, akaamka, akaanguka tena, na alipofika miaka kumi hakuwa anaanguka. Wakampa gongo la hoki ya barafuni. Wakamwonyesha kile kisahani cheusi cha raba wanachokipiga badala ya mpira. Alipotimiza miaka kumi na minane, timu moja ya kulipwa ya huko Kanada ilimteua, maana yake iliandika jina lake kwamba siku akiamua kucheza hoki kwa mshahara, ni yao. Mwaka uleule chuo kimoja cha kaskazini, mwendo wa saa nane kwa gari, kilimpa nafasi ya kusoma uhandisi bila ada, mradi aichezee timu ya chuo. Akaenda chuo. Benadetha alilia kwa furaha mpaka zamu ikampita.

Miaka miwili ikapita, ukafika mwaka tisini na tisa, na Wakanada wakachoka kusubiri. Wakasema: njoo sasa, saini, mwisho wa Juni. Ukikataa, hatuahidi kitu.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika, kwa upole, lakini ikagawanyika. Benadetha alitaka mtoto amalize shahada. "Pale kazini kwangu," alisema, "kuna mzee namwogesha kila siku. Alicheza hoki hii hii, ya kulipwa, miaka minne. Magoti yamekwisha. Ukimwuliza alifanya nini baada ya hapo, anakuuliza leo chakula ni nini."

Method alitaka aende. "Dada, chuo hakihami. Kitakuwepo mwakani, kitakuwepo mwaka keshokutwa. Hawa watu je? Akivunjika mguu huko huko chuoni, watamkumbuka?"

"Chuo hakihami," Benadetha alirudia, akimtazama kaka yake kwa namna ambayo Method hakuipenda. "Ni watu ndio wanaohama."

Na Fredy mwenyewe? Fredy alikuwa mtoto wa kimya. Kiswahili na Kichaga alivisikia vyote, akavijibu kwa Kiingereza, isipokuwa salamu na chakula. Akiulizwa alisema, "Mjomba, usini-rush." Basi.

Jumapili moja ya Aprili, Fredy akiwa chuoni, ndipo alipokuja yule bwana. Alikuwa wakala wa wachezaji, jina lake Hanlon, mtu mnene, mwekundu, mcheshi, mwenye kazi ya kusimamia mikataba ya vijana kama Fredy, endapo wangekubali kuingia kwenye mchezo wa kulipwa. Alitaka tu kuifahamu familia. Alichelewa saa nzima kwa sababu ya barabara iliyokuwa inachimbwa pale Springfield, upande wa pili wa jiji, akaingia Beltsville anatoka jasho, anaomba radhi tangu mlangoni.

Benadetha alikuwa amepika ndizi na nyama. Hanlon alikula sahani ya kwanza kwa adabu na ya pili kwa njaa. Method akampenda papo hapo. Jamani, nani hampendi mgeni anayeongeza? Na kadiri alivyomtazama pale kwenye kochi, na viatu vyake vilivyong'arishwa, na maneno yake ya kuzungukazunguka, ndivyo alivyomwona wazi kuwa ni mshenga. Mtu ametumwa na upande wa pili kuja kuomba mtoto. Na baba wa mtoto akiwa hayupo, wa kumjibu mshenga ni nani kama si mjomba?

Method akavuta kiti, akakaa wima.

"Bwana Hanlon," alisema, "huko kwetu mtu hachukui mtoto wa watu hivi hivi. Anakuja kwa utaratibu."

"Nifundishe," Hanlon akasema.

Akamfundisha. Kwamba kuna mbuzi, kuna pombe ya wazee, na kuna vitu vya watu maalumu. Mjomba ana cha kwake. Bibi ana blanketi lake, kwa sababu kule mlimani ni baridi, na mtoto anayeondoka ndiye aliyekuwa akimpasha joto mgongoni. "Bila blanketi la bibi," Method akamalizia, kidole juu, "hakuna mazungumzo."

Wote watatu walicheka. Benadetha alicheka mpaka akaweka sahani chini. Lakini Hanlon alitoa kijitabu mfukoni akaandika kitu, na hilo Method aliliona.

Alhamisi iliyofuata, boksi lilifika uwanjani kwa jina la Method. Ndani mlikuwa na blanketi la sufu, jekundu kama vazi la kardinali, zito, laini, lenye pindo la hariri. Na kadi: kwa ajili ya bibi, kwa heshima.

Method alilishika blanketi lile muda mrefu. Kila mtu aliyekaa ugenini anajua alichokuwa anafikiri. Mama yake alikuwa na miaka sabini na nne. Tangu aondoke, Method alimtumia barua, alimtumia picha, mara moja moja alimtumia sweta. Kitu cha hivi hajawahi. Na Festus, kijana wa Kibosho anayeendesha magari ya abiria pale uwanja wa ndege, alikuwa anaondoka Jumamosi kwenda kwenye harusi ya dada yake, na begi lake lilikuwa na nafasi.

Kadi akaiweka mfukoni. Blanketi akampelekea Festus.

"Niseme limetoka kwa nani?" Festus akauliza.

"Kwa nani tena? Sema Method."

Jina lilimtoka jepesi tu.

Mwezi wa tano Fredy akarudi kwa likizo. Jioni ya kwanza wakakaa mezani watatu, na katikati ya chakula Fredy akatoa karatasi, akaomba kalamu. Chuo kinataka kila mchezaji ajaze, akaeleza. Wachezaji wa chuo ni wa ridhaa, hawalipwi, na sheria ni kali: mchezaji, au ndugu yake yeyote, haruhusiwi kupokea kitu chochote kutoka kwa wakala. Hata shati.

"Hata shati?" Benadetha akauliza.

"Hata soda, mama. Anayepokea anaondolewa kwenye timu." Akawatazama wote wawili. "Hakuna aliyepokea kitu, sawa?"

"Mimi nipokee nini?" Benadetha akasema. "Yule amekula cha kwangu."

Kijiko cha Method kilikuwa kimesimama. Akakisogeza. Akameza. "Saini, mjomba," alisema, na Fredy akasaini.

Usiku ule hakulala, na msidhani alikuwa anatafuta njia ya kutubu. Alikuwa anatafuta njia ya kunyamaza. Nani atajua? Blanketi liko Kibosho, kwenye kitanda cha mama. Festus hajui. Hanlon hatasema, si faida yake. Lakini jina la mtoto lilikuwa limekaa chini ya neno ambalo si kweli, na aliyeliweka pale ni mtu aliyemfunga kamba za viatu akiwa na miaka saba.

Asubuhi Fredy alikuja uwanjani kufanya mazoezi kabla watu hawajaingia. Method alimtengenezea barafu, dakika kumi na moja zake kamili, akaizima mashine, akabaki amekaa juu.

"Mjomba," aliita. "Njoo kwanza. Nimefanya ujinga."

Akamweleza yote: mshenga, kijitabu, boksi, kadi. Akaitoa kadi yenyewe, ilikuwa imekunjika. Fredy akaisoma. Akaenda kuzunguka uwanja, mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa kasi mpaka viatu vikalia kwenye kona, kisha akasimama mbele ya mjomba wake, anahema.

"Ungeniambia jana," alisema kwa Kiswahili. Kiswahili kizima, bila kosa. Method aliumia kuliko kama angetukanwa.

Fredy alipiga simu chuoni siku ileile na kusema mwenyewe. Mama mmoja anayeshughulika na sheria za michezo alimsikiliza bila kugomba, akampa jibu. Kitu kirudishwe kwa aliyekitoa, chenyewe, si kingine wala thamani yake. Ndugu aliyekipokea aandike barua, aeleze ukweli mtupu. Vyote viwe mezani kabla ya tarehe ishirini Juni. Vikiwepo, huenda watamsamehe. Visipokuwepo, hatacheza tena pale, na asipocheza, nafasi ya kusoma bure imekwenda. Maana yake atasaini na Wakanada, atake asitake.

Benadetha alipoambiwa alikuwa bado na sare ya kazini. Alikaa kitako jikoni.

"Umemuoza mwanangu," alimwambia Method. "Umemuoza mwanangu kwa blanketi!"

"Dada, ulikuwa utani."

"Utani ulikwisha siku ile ile. Boksi lilikuja Alhamisi."

Na la kumwumiza Method zaidi ni kwamba alipata alichokitaka. Alitaka mtoto aende, na sasa mtoto angeenda, amesukumwa, kwa sababu mjomba wake alitaka kuonekana kwa mama yake. Angeweza kufurahi hapo? Hakufurahi hata kidogo.

Kumpata mama kwa simu siku hizo kulikuwa na mipango. Simu ilikuwa parokiani. Unatuma ujumbe, Padre anamwambia baada ya misa, mama anasubiri ofisini na kitenge chake cha Jumapili. Wakapanga. Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi ya Beltsville, wote watatu walikuwa jikoni kwa Benadetha, kadi ya simu imekwanguliwa, spika imewashwa. Yaliyosemwa yalisemwa kwa Kichaga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Method! Lile blanketi lako litanipeleka motoni. Nalala mpaka nachelewa misa ya kwanza. Nimemwonyesha kila mtu. Mama Kiwelu amelishika mara tatu."

Benadetha alifumba macho. Alikuwa hajui kwamba mama aliambiwa hivyo. Alimgeukia kaka yake taratibu, na hasira yote ikamtoka, ikabaki huruma, ambayo ni mbaya zaidi.

"Mama," Method alisema. "Lile blanketi si langu."

"Si lako namna gani?"

"Kuna mtu anamtaka Fredy akacheze kwa mshahara. Amelileta yeye. La bibi. Mimi nikalipokea, nikasema ni langu."

Simu ilikuwa na mvumo wake. Jogoo aliwika kwa mbali huko upande wa pili.

"Kwa hiyo," mama alisema, "nimelalia posa ya mjukuu wangu mwezi mzima, na hakuna aliyeniambia?"

Benadetha alicheka bila kutaka, akaziba mdomo.

"Na mtoto ameshasema ndiyo?"

"Hajasema kitu, mama. Wanasema lisiporudi, hatakuwa na la kuchagua."

"Basi litarudi. Festus bado yupo, nitampa. Mimi siwezi kujifunika jibu ambalo mtoto hajalitoa. Na huyo mtoto, mwambie amalize shule. Asikimbilie. Mwambie atazame mfano hapo hapo nyumbani. Mjomba wake hakuwa na kitu, na alimaliza."

Hapo pangeweza kupita. Hakuna aliyeuliza. Blanketi lilishakubalika kurudi, na dakika za kadi zilikuwa zinakatika. Method angesema "sawa mama," wakaagana, na maisha yakaendelea. Lakini Fredy alikuwa amekaa mbele yake, anamtazama, na Fredy alijua. Fredy alikuwa anajua tangu zamani, kama watoto wanavyojua mambo ya nyumba.

"Mama, mimi sikumaliza."

"Hukumaliza nini?"

"Chuo. Ada ilikatika, ikabaki mihula miwili. Nikasema nitafanya kazi kidogo, nirudi mwakani. Mwaka ule ukapita. Kisha wewe ukaandika kwamba umeshaalika watu, umeshapika pombe ya kunipongeza."

"Nilipika mapipa mawili."

"Najua, mama."

"Ile picha. Yenye joho."

"Joho lilikuwa la rafiki yangu. Nililivaa kwa ajili ya picha."

Wakasikia mlango, na sauti ya Padre ikisema jambo, na mama akimjibu asubiri.

"Ipo ukutani, Method," mama alisema. "Ipo pale miaka kumi na miwili. Kila anayeingia namwonyesha."

"Najua."

"Haya," alisema, kwa sauti ndogo. "Padre anataka simu yake."

Simu ikakatika. Method alibaki ameishika, ingawa sauti ilikuwa inatoka kwenye spika na hakukuwa na haja ya kuishika. Benadetha aliinuka, akawasha jiko, akabandika chai. Akampita kaka yake mgongoni na kumwekea mkono begani mara moja tu, akaendelea kutafuta sukari.

Barua ya chuo Method aliiandika siku hiyo hiyo. Aliandika kurasa mbili, Fredy akamsahihishia Kiingereza mahali pawili. Sehemu ya kwamba alisema blanketi ni lake, Fredy alisema si lazima, chuo hakikuiuliza. Method akaiacha ibaki.

Festus alirudi tarehe kumi na nne Juni. Blanketi lilikuwa limefuliwa, limekunjwa, limefungwa ndani ya kanga, na harufu ya moshi wa jikoni haikuwa imetoka yote. Katikati ya mikunjo mama alikuwa ameweka mfuko wa kahawa ya shambani.

"Ya mshenga," Festus alieleza. "Bibi amesema mtu ukimrudishia posa yake usimwache arudi mikono mitupu. Hana kosa huyo, alifuata alichofundishwa."

"Na mimi?" Method akauliza. "Hakuniagizia neno?"

Festus alijikuna. "Hakusema kitu, kaka."

Hanlon alikuja mwenyewe kulichukua blanketi, na safari hii aliwahi. Kusema kweli alifadhaika kuliko wao. Alisema kadi ile aliiandika kwa moyo, na kwamba kwa umri wake alipaswa kuijua sheria vizuri zaidi, na alijilaumu. Aliinusa kahawa kwa muda. Kisha akamgeukia Fredy. Barua ilikuwa imefika chuoni, na chuo kilisema kwamba blanketi likisharudi, adhabu ni mechi tatu tu za mwanzo wa msimu. Mlango ulikuwa wazi pande zote mbili. "Sasa ni wewe," Hanlon akasema.

Method alikuwa amejipanga kunyamaza, akanyamaza kweli.

Fredy akasema anabaki chuo. Miaka miwili imebaki, ataimaliza. Hanlon akamkumbusha, kwa upole, kwamba miaka miwili ni mingi, mguu ni mguu, na wale watu wa Kanada wana orodha ndefu. Fredy akasema anajua.

Baadaye, wakiwa wawili uwanjani, Method akashindwa kujizuia. "Ni kwa ajili ya mama yako?"

"Hapana." Fredy alikuwa anakaza kamba za viatu, hakuinua uso. Akaongea kwa Kiingereza chake, polepole, ili mjomba asikose hata neno. "Nilikuwa nimeshaamua kwenda. Tangu Machi. Nilikuwa nangoja tu kumwambia mama. Nilikuwa nasema kama wewe, kwamba chuo kitakuwepo, nitarudi mwakani." Akakaza fundo. "Halafu nikakusikia kwenye simu."

Akasimama, akaingia kwenye barafu. Method aliona aibu, aliona pia kitu kingine ambacho hakukipatia jina haraka, kitu kilichomfanya ajipangusie pua kwa glovu.

Wiki moja baadaye alikuta karatasi kwenye kiti cha mashine yake. Ilikuwa fomu ya masomo ya jioni ya chuo cha wilaya, jina lake limeshaandikwa juu kwa mwandiko wa Fredy. Aliitazama, akaiweka chini ya kopo la grisi. Mtu wa miaka arobaini na moja, akae na watoto darasani? Akawasha mashine.

Lakini mshahara wa Juni ulipotoka alikwenda dukani, duka la kawaida, akanunua blanketi. Hakuna sufu wala hariri. La kijivu, lenye mistari ya kahawia, la bei aliyoiweza. Sista Euphrasia, mtawa wa Kibosho aliyekuwa anasoma Washington, alikuwa anakwenda nyumbani likizo, akampa.

"Niseme limetoka kwa nani?" Sista akauliza. Hakuwa anajua chochote.

"Sema Method," Method akasema. Safari hii jina lilimtoka kwa shida.

Julai yote ikapita kimya. Agosti ikaanza. Alimtengenezea Fredy barafu kila asubuhi, na kila asubuhi Fredy alichungulia chini ya kopo la grisi, akaona fomu iko palepale, akaenda kufunga viatu. Benadetha alipiga simu parokiani mara moja. Mama alikuwa mzima, aliuliza habari za Fredy, aliuliza habari za kazi. Za Method hakuuliza.

Sista Euphrasia alirudi siku mbili kabla Fredy hajaondoka kwenda chuo. Alikuja uwanjani moja kwa moja, amevaa koti la baridi juu ya vazi lake la kitawa katikati ya kiangazi, kwa sababu aliambiwa ndani kuna barafu. Method alishuka kwenye mashine.

"Mama hajambo," Sista alisema. "Ana nguvu. Nimelala kwake siku mbili."

"Sista. Pale ukutani, sebuleni. Kuna picha ya mtu amevaa joho."

"Ipo," Sista akasema. "Lakini ameigeuza. Inatazama ukuta. Nilidhani imeanguka, nikataka kuirekebisha, akanikatalia. Akasema niiache, ataigeuza mwenyewe siku itakapokuwa ya kweli."

Fredy alikuwa amesimama nyuma yao na gongo lake. Method hakugeuka kumtazama. Aliingiza mkono chini ya kopo la grisi, akatoa ile fomu, akaanza kuifuta mafuta kwa mkono wa shati lake, taratibu, kama anafuta uso wa mtoto.

"Na blanketi?" aliuliza.

Sista Euphrasia alisita kidogo, kwa sababu alikuwa ameagizwa kulisema neno kwa neno.

"Amesema nikwambie, linawasha. Amesema si laini kama lile la kwanza, na ni fupi, miguu inabaki nje." Akatabasamu. "Nikamwambia, basi mama, nimrudishie? Akalivuta hadi shingoni, akasema, 'Thubutu! Hili ni la Method.'"